Mnaotuuzia dawa za kiungulia, tuulizeni kwanza

Mhariri, mi natumia ARV huu mwaka wa sita, ile TLD (kidonge chenye dawa tatu za VVU, mojawapo dolutegravir), kidonge kimoja kila siku saa tatu usiku, kopo nalitia pamba lisichezecheze kwenye daladala maana ule mlio watu wanaujua. Sasa juzi kati kiungulia kikanishika nikaenda duka la dawa mtaani, kijana akanipa vidonge vya kutafuna, hajauliza kitu na mi sijasema kitu (foleni nyuma yangu, ningesemaje?), nikawa natafuna na TLD nashushia hapohapo karibu wiki mbili. Nesi wa CTC, kliniki ya VVU, ndo akanishtua kwamba magnesiamu na aluminiamu iliyomo inaikamata dolutegravir tumboni isiingie vizuri kwenye damu, yani TLD umeze masaa mawili kabla au sita baada ya hivyo vya kutafuna. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito navyo vina shida hiyohiyo, ila hivyo ukimeza pamoja na chakula haina noma. Na ukianzishiwa dawa za TB zenye rifampisini sema mapema, maana inabidi uongezewe dolutegravir nyingine 50 mg, masaa 12 baada ya TLD.

Wauzaji jamani, ulizeni tu kwa sauti ya chini, "kuna dawa nyingine unatumia?" Hamna haja ya kujua ipi mbele ya watu.

Alafu Mhariri andikeni na habari ya PEP, zile dawa za kuzuia VVU ukihofia umeambukizwa, jirani yangu kaenda siku ya tano wakati mwisho ni masaa 72, na dozi ni siku 28.

Msomaji wenu, Mbagala, Dar es Salaam