Shukrani kwa kaka wa kwenye basi la Moshi

Kaka, jina lako sikuuliza, ndiyo maana nakushukuru hadharani. Mimi ni yule dada sonara wa Ngarenaro, Arusha, uliyenikuta nikienda hospitali ya KCMC kwenye dawa za saratani. Dawa hizo nazishukuru, nipo hai, ila zilinitia ganzi vidoleni. Tupa ikawa inaniponyoka, na sonara asiyeihisi tupa atafanya nini?

Hukuishia kwenye pole. Ulifungua begi ukatoa tupa yako mwenyewe, mpini umezungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli, mnene kama gunzi la hindi, ukanipa. Tukiwa Boma Ng'ombe ukanionyesha namna ya kuuvuta utepe huku unazungusha, ncha ifichwe chini. Sasa nyundo na koleo zangu zote nimezifunga hivyo.

Kulehemu sikuwahi kuacha, kwani pale kazi ni ya jicho: fedha huyeyuka kwenye nyuzi joto 961, lehemu hutangulia, nayo ikimetameta tu unaondoa moto. Lakini kusawazisha kingo za pete, hilo umenirudishia wewe.

Mungu akuzidishie, kaka. Pita Ngarenaro na kipimo cha mkono wa wifi. Nataka kumfulia bangili.