Tunakimbia pamoja, kura kila mtu na yake: taarifa ya mwenyekiti wa klabu ya kukimbia, Mbeya, kwa mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nimeandika "ndugu" na nimeshasikia watu wanacheka huko, maana kwenye kikao cha mwaka juzi nilipoanza hivihivi kuna mtu nyuma akaitikia "kidumu!" ya CCM na mwingine akadakia "makamanda mko salama?" ya Chadema, tukapoteza dakika kumi nzima. Basi tufanye hivi, wakimbiaji wenzangu, nawasalimu kwa kilugha, mwagonile.

Nianze na hesabu ili zipite haraka. Tuko 64 kwenye daftari, waliolipa ada yote ya mwaka (3,000 kwa mwezi, sio mahari) ni 41, waliolipa kidogokidogo wametuletea 212,000, jumla tulikusanya 1,688,000 na tumetumia 1,378,500 kwa maji, glukosi, ndizi, sanduku la huduma ya kwanza na nauli za mbio za nje ya mkoa. Salio ni 309,500. Mweka hazina ana risiti zote, anayetaka kuziona aende dukani kwake sio kunipigia mimi saa nne usiku. Aliyeumia sana mwaka huu ni mmoja, kifundo cha mguu, kwenye kona ile ya Sae, ameshapona.

Hayo ndo ya kawaida. Sasa ile ishu.

Mwezi wa saba alinifuata mtu mmoja anayejipanga na uchaguzi wa 2025, simtaji na chama chake sikitaji, akasema mwenyekiti nawaona kila Jumamosi asubuhi pale Kabwe mnanyoosha misuli, nawapenda, nawaletea jezi 40. Nikasema karibu. Sikuuliza mtu, sikuitisha kikao, nilifikiria tu zile fulana zetu zilizopauka. Zikaja, nyeupe, kitambaa kizuri kabisa, na mgongoni jina lake saizi ya kiganja. Tukapiga picha mimi na wengine kumi na wawili hivi. Jioni ile ile picha ikawa kwenye ukurasa wake na maneno chini kwamba wakimbiaji wa Mbeya wako naye. Mimi sikusema hivyo, lakini pia sikuwa nimesema hapana, na ukitaka ukweli wangu hapo ndo kosa lilipo.

Hadi asubuhi watu tisa walikuwa wamelefti grupu. Mmoja akaandika kabla ya kutoka, "mimi nilikuja kupunguza tumbo sio kuongezewa mgombea." Nimeikariri hiyo.

Tulizirudisha jezi 31. Tisa hazijulikani zilipo, ingawa moja naijua maana namuona nayo muuza chipsi mmoja kule Soweto ya hapahapa Mbeya karibu kila Jumatano, na simlaumu, kitambaa ni kizuri.

Nimejiuliza sana kwa nini sikushtuka mapema. Nafikiri nilijiambia kwamba mtu anayeamka saa kumi na moja na baridi ya Juni ya Mbeya, akavaa soksi mbilimbili na kuja kukimbia kwenye ukungu, huyo ni mtu kama mimi, na kama ni mtu kama mimi basi na kura yake ni kama yangu. Sikuwahi kulisema kwa mdomo ila ndo lilikuwa linanitembeza. Tunaamka pamoja, kwa hiyo tunafikiri pamoja. Kumbe wapi.

Ushahidi nilikuwa nao siku nyingi tu. Angalieni mambo ya Simba na Yanga humu ndani. Yanga klabu ya 1935, CCM chama cha 1977, rangi zinafanana kijani na njano, mtu asiyetujua atasema basi Yanga wote ni wa kijani hata kwenye kura. Sisi tuna mzee wetu wa Uyole, Yanga wa kufa, ana mpaka kikombe cha chai cha Yanga, na kadi yake ni ya upinzani tangu 1995. Na tunaye mama mmoja katibu wa tawi wa chama tawala ambaye Jumamosi ya Simba kucheza anakuja mwekundu mpaka kilemba. Mwaka 2023 Rais alipoanza kutoa milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga kule kimataifa, mzee wetu huyo alishangilia goli halafu akakaa chini akaanza kupiga hesabu ya hela za umma. Dakika moja, mtu mmoja, mambo mawili.

Au mbio zetu kubwa za hapa mjini, Tulia Marathon, zina jina la Tulia Ackson, mbunge wetu mwaka huu wa 2024, na huwezi kulikwepa. Baadhi yenu mkasema hatuendi, ile ni kampeni yenye viatu. Wengine mkasema hela inaenda kwenye elimu na afya, na medali ni medali. Tukaacha kila mtu aamue. Mmoja wetu, na hii niliiona kwa macho yangu pale Uwanja wa Sokoine, alikuja na fulana ya mbio ameigeuza ndani nje, mishono iko nje, lebo inapepea shingoni, na namba yake ameibandika juu yake kwa pini nne vizuri kabisa. Akakimbia kilomita zake 21, akachukua medali, akaenda zake nyumbani. Nikamuuliza mbona umegeuza, akasema mwenyekiti ada ya kushiriki nimelipa mimi, mgongo ni wa kwangu. Na mkumbuke uwanja wenyewe tuliokuwa tumesimama ni mali ya CCM, kama viwanja vingine vingi nchini vilivyobaki kwa chama tangu enzi za chama kimoja. Ukisema hutaki kabisa siasa kwenye michezo Mbeya hii itabidi ukimbilie Loleza, huko juu kuna mawe tu.

Basi baada ya jezi nikafanya kautafiti kangu, sio ka kitaalamu, msije mkaninukuu. Kila Jumamosi wakati wa kunyoosha misuli namuuliza mtu mmoja au wawili, sio unampigia nani, hilo sikuuliza hata mara moja, nauliza ungekuwa waziri kwa siku moja ungeanza na nini. Nilifikisha watu 23.

Mwalimu wetu anayekaribia kustaafu akasema kikokotoo, yaani ile hesabu ya mafao unayolipwa kwa mkupuo ukistaafu. Nikamwambia si kimepanda kwenye bajeti ya Juni, kutoka asilimia 33 kwenda 40? Akasema mwenyekiti zamani mkupuo wetu ulikuwa 50, nikuibie ng'ombe wawili nikurudishie mmoja useme asante? Pembeni yake kijana wetu wa bodaboda, wanakimbiaga kasi moja hao wawili, dakika sita kwa kilomita, bega kwa bega kila wiki, akauliza kikokotoo ndo nini. Yeye shida yake ni hesabu ya jioni kwa bosi wa pikipiki. Mama wa viazi kutoka kule Isyonje akasema lumbesa, yaani gunia linashonewa kofia juu mpaka linafanana na mtu amebeba mtoto na bei inabaki ya gunia moja. Dada anayenunua viazi kwa jumla, naye mwanachama, alikuwa anafunga kamba za raba hapohapo, akajifanya hasikii.

Ila kali kuliko zote ilikuwa ya Usangu. Tuna mkulima wa mpunga wa Mbarali na tuna kaka anayefanya kazi za utalii, anapeleka wageni hifadhi ya Ruaha akipitia Iringa. Nilimuuliza mmoja akajibu mwingine. Huyu wa mpunga anasema tangazo la serikali namba 28 la mwaka 2008 lililotanua hifadhi limewaweka watu roho juu miaka yote hii, baba yake amelima pale kabla ya ramani. Huyu wa utalii anasema mto Ruaha Mkuu unakauka kiangazi, viboko wanabanana kwenye madimbwi, maji yanaishia mashambani juu huko. Walibishana kutoka Kabwe mpaka Nanenane, kwenye kile kipandio wote wanahema lakini hakuna aliyenyamaza, nikawa nyuma yao nasikiliza na kusema kweli sikuwahi kuwaona wakikimbia haraka vile.

Nilichokiona kwenye majibu 23 ni kwamba kukimbia hakusemi chochote kuhusu kura ya mtu. Kinachosema ni anakula wapi. Mwenye mshahara anafikiri kimshahara, mwenye shamba kishamba, na kasi ya miguu haihusiki. Ila kukimbia kunachagua watu kwa namna nyingine ambayo tulikuwa hatuioni. Waliopo Jumamosi saa kumi na mbili ni wale wasiofungua genge alfajiri. Mama ntilie hata mmoja hatuna, tumewahi kuwa nao wawili wakaacha. Kwa hiyo tukianza kusema "sisi wananchi wa Mbeya" kwenye barua zetu tujue tuliopo ni wa saa hiyo tu.

Halafu ikaja Novemba, uchaguzi wa serikali za mitaa. Wengi mnajua, nasema kidogo kwa ajili ya waliokuwa safari. Wanachama wetu wawili waliomba uenyekiti wa mtaa mmoja, vyama viwili tofauti, fundi seremala wetu na dada wa duka la dawa. Dada jina lake likaenguliwa, ikasemwa fomu ina kasoro, akakata rufaa na haikusaidia. Tarehe 27 kura zikapigwa, fundi akashinda. Jumamosi ya tarehe 30 wote wawili wakaja. Mimi tumbo linaunguruma, nikajua leo kuna moto. Dada alikuwa ameinama anafunga kamba, akasema "hongera fundi" bila kuinua kichwa, akaamka, akaondoka. Sijawahi kuona mtu akipanda kile kilima vile. Fundi akajaribu kumfuata mpaka Ilomba, akaachwa kama mita mia mbili, akarudi anatembea ameshika kiuno.

Hawajarudi kuongea vizuri. Kuna watu wamenishauri niwapatanishe, nimekataa, klabu sio kanisa, na yeye ana haki ya kununa kadiri anavyotaka. Ada wote wawili wamelipa.

Nikikumbuka naona sisi tumepata nafuu. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, 3:32.2, halafu 1976 Montreal hakukimbia kwa sababu nchi za Afrika, na sisi tukiwemo, zilisusia Olimpiki kupinga timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mimi naona nchi ilikuwa sahihi. Ila miguu ilikuwa ya Bayi. Medali yake ya fedha ya kuruka viunzi na maji akaja kuipata Olimpiki ya Moscow 1980. Kila mara mtu akiniambia tuongee kwa sauti moja kama wakimbiaji namkumbuka yeye.

Pamoja na yote hayo kuna kitu kimoja tulikubaliana mwaka huu bila kubishana, barabara. Ujenzi wa njia nne Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, kila mtu anautaka na kila mtu kifua kinambana, vumbi, malori yanakupita kiwiko, pembeni hakuna pa kuweka mguu. Tuliandika barua kuomba wamwagie maji asubuhi na watenge kaupenyo ka watembea kwa miguu. Sahihi 52. Jina la fundi lipo, jina la dada lipo, la mkulima na la mtu wa utalii yapo yamefuatana. Maji yamemwagwa mara mbili, kaupenyo bado. Katibu ataandika tena Februari, na safari hii tumeomba akina mama wa magenge ya njiani nao waweke sahihi kwa sababu vumbi lao ni la kutwa nzima.

Sasa 2025 ni mwaka wa uchaguzi mkuu na zawadi zitakuja, tena nyingi kuliko jezi. Kamati imeamua kuanzia leo hakuna kupokea kitu chochote chenye jina la mtu bila kikao cha wanachama, na mwenyekiti akivunja atoke, nimesaini mwenyewe. Kwenye grupu siasa ruksa baada ya saa mbili usiku, kabla ya hapo ni ratiba na magoti. Wale tisa, sita wamesharudi. Watatu nimewafuata nyumbani kuomba radhi, mmoja amenipa chai, wawili bado.

Jezi mpya tumebishana rangi wiki tatu. Kijani ikakataliwa, nyekundu ikakataliwa na watu wa Yanga, bluu mkasema inaelekea Chadema, nikapendekeza zambarau ya Mbeya City nikidhani nimemaliza, mtu akauliza kwani chama cha ACT wanavaa nini. Zitakuwa kijivu. Ni 15,000 kila mtu, fundi wa kushona anataka nusu kabla ya tarehe 20, na mgongoni hakuna jina la mtu. Ndaga fijo, asanteni sana.

Mwenyekiti