Risala ya klabu ya uandishi kwa mgeni rasmi, siku ya kuzindua kitabu cha hadithi zetu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Karibu Moshi, na karibu shuleni kwetu. Kwa niaba ya klabu ya uandishi tunakushukuru kwa kukubali kutuzindulia kitabu chetu cha kwanza. Kabla hujakifungua, tunaomba tumtaje mtu ambaye bila yeye kisingeandikwa, ingawa hatukuwahi kumwona.

Ni marehemu Ken Walibora. Alizaliwa mwaka 1964 huko Bungoma, magharibi mwa Kenya, mbali kabisa na bahari. Hata hivyo riwaya yake ya Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, inaanzia Tanga, kwa mtoto wa mwimbaji wa taarabu anayefiwa na mama yake, kisha akashika njia kumtafuta baba hadi Kitale. Nakala yetu ililetwa na mzazi mmoja anayefanya biashara Taveta. Ilizunguka mabwenini mpaka jalada likalegea, ikashonwa kwa uzi, ikaendelea kusomwa.

Mgeni Rasmi, sisi ni watoto wa mlimani. Bibi zetu wa Kibosho, Marangu na Old Moshi hutusimulia kwa Kichagga, na wapo wenzetu wa Usangi ambao kwao ni Kipare. Tulikua tukisikia kwamba Kiswahili kina wenyewe, nao wako Unguja, Tanga na Mombasa. Sisi tukijibie mtihani tu. Halafu tukamsoma mtu wa bara anayekiandika kwa utamu ule, tena akathubutu kuisimulia Tanga yenyewe, ambayo kwetu ni jirani: ukishapita Same, Mombo na Korogwe, umekaribia. Usiku ule wa kwanza wengi wetu tulianza kuandika.

Mwanzoni tulimfuata hatua kwa hatua, na kila hadithi ilikuwa na kijana yatima na safari ndefu. Hilo halikutusumbua, maana mwanafunzi huanza kwa kushika mkono wa fundi. Tulipoirudia riwaya ndipo tukaona nguvu yake inatoka wapi: kijana anajisimulia mwenyewe, anataja mahali kwa jina lake, wala haombi radhi kwa umaskini wa kwao. Walimu wakatuambia, basi nanyi tajeni kwenu. Zikaja hadithi zilizomo humu: mama anayeuza mitumba Kiboriloni, mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashambani, uliokauka na majirani wawili wanaogombea zamu ya maji, Desemba ambayo vihamba vyote, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, vimejaa watu waliotoka Dar es Salaam, isipokuwa nyumba moja. Hiyo ya Desemba imeandikwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, na kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote.

Kidagaa Kimemwozea, riwaya yake ya mwaka 2012, ilitugusa kwa namna nyingine. Humo kijana Amani anaibiwa mswada wake na Mwalimu Majisifu, anayeuchapisha kama kazi yake. Iliwauma sana wanaklabu, maana kila mmoja ana daftari analolificha chini ya godoro. Ndiyo sababu katika kitabu utakachokizindua kila hadithi ina jina la aliyeiandika, na kila mswada umerudishwa mkononi mwa mwenyewe. Katika hilo hatukukubali mjadala.

Walibora alifariki Nairobi, Aprili 2020. Sisi tulimfahamu akiwa ameshaondoka, kwa hiyo barua tuliyotamani kumwandikia tumeichapa katika ukurasa wa kwanza.

Mgeni Rasmi, tunalo ombi. Maktaba yetu ina vitabu vya kiada vya kutosha, ila riwaya za vijana ni chache mno. Tunaomba utusaidie kupata nakala zaidi za Walibora, na pia kazi za Elieshi Lema, mwandishi aliyezaliwa Nronga, kule Machame, hapa hapa Kilimanjaro. Wapo wanachama wanaopita karibu na kijiji hicho kila likizo na hawajawahi kushika kitabu chake. Tukipata na karatasi za kuchapia, kitabu cha pili kitaanza muhula ujao. Hadithi zake zimeshaanza kuandikwa.

Tunakukaribisha sasa utuzindulie kitabu chetu.

Naomba kuwasilisha.