Skrini ikiganda, usikimbilie kuzima kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaochapa kazi za watu. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Mwanga, Kigoma. Mwezi uliopita mwanangu aliiwekea kompyuta yangu kuukuu Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta, akanifundisha kuandika kwa Vim, programu ya kuandikia maandishi, toleo la zamani kidogo.

Mkono una mazoea yake. Nikimaliza aya, nabonyeza Ctrl na S kuhifadhi. Skrini ikaganda: herufi haziingii, kishale hakisogei. Nikachomoa waya ukutani. Kurasa nne za mirathi ya mzee wa Ujiji, naye ameketi kwenye benchi ananitazama! Nilitetemeka.

Kumbe Vim haikuharibika. Kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri ambamo Vim huendeshwa, Ctrl na S ni amri iliyobaki tangu enzi za teleprinta: simamisha maandishi. Ctrl na Q huyaruhusu yaendelee. Ningebonyeza hiyo tu. Kazi yenyewe tuliipata karibu yote kwa amri ya vim -r, maana Vim hujiwekea nakala pembeni.

Mwanangu ameandika stty -ixon, amri ya kuzima usimamishaji huo, kwenye faili la .bashrc linalosomwa terminali inapofunguka, kisha ndani ya .vimrc, faili la mipangilio ya Vim, akaweka nnoremap <C-s> :w<CR>. Sasa nikitoka kwenye hali ya kuandika kwa Esc, Ctrl na S inahifadhi.

Mafundi, nawasihi: mkimbadilishia mtu programu, kaeni naye mjaribu vitufe anavyovitumia kila siku kabla hamjaondoka. Sisi tunashika nyaraka za watu.

Mama Mchapaji,
Mwanga, Kigoma