Chama kinataka kuweka akiba kwenye beti ya raundirobini: tuzuie au tuweke mipaka?

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Umoja, hapa Nairobi. Sisi ni mweka hazina na karani wa chama cha watu 15. Mwanachama mmoja, mtu wa kuheshimika na anayeijua kandanda, amependekeza kila Jumamosi tutoe shilingi 3,000 kwenye akiba tuziweke kwenye beti ya raundirobini, ile ambayo kwenye simu huitwa sistimu. Hoja yake imewaingia wengi: kwenye multibeti ya kawaida, yaani timu kadhaa ndani ya beti moja, timu moja ikianguka mkeka (tiketi ya beti) wote umechanika, lakini hapa hata moja ikianguka bado unalipwa. Kura itapigwa mkutano ujao. Hoja hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotutia wasiwasi.

Namna beti yenyewe inavyoundwa, wanachama walielewa upesi tulipowakumbusha Kundi A la CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025. Kenya, Moroko, Angola, Kongo ya Kinshasa na Zambia: timu tano, kila moja ikakutana na kila nyingine, mechi 10. Raundirobini ni vivyo hivyo, ila badala ya timu kukutana uwanjani, chaguo zako ndizo zinazooanishwa kwenye mkeka. Chaguo tano zikipangwa mbili mbili zinazaa beti 10. Nne zinazaa sita. Tatu zinazaa tatu. Kila jozi ina dau lake na inasimama peke yake.

Pendekezo ni chaguo nne kwa mbili mbili, yaani 2/4, dau la 500 kila jozi. Sita mara 500, ndizo hizo 3,000. Hapa tayari pana mtego: baadhi ya mikeka huuliza dau la kila jozi, mingine huuliza dau lote. Andika 500 panapoulizwa dau la jozi, zimekwenda 3,000. Andika 500 panapoulizwa jumla, kila jozi imepata shilingi 83 tu. Ni lazima usome jumla iliyo chini ya mkeka kabla ya kubonyeza.

Sasa tuchukue timu nne zinazopigiwa upatu, kila moja odi 1.50, yaani ikishinda kila shilingi ya dau hurudi 1.50. Jozi ikishinda hulipa 1.50 mara 1.50, yaani 2.25, sawa na shilingi 1,125. Zote nne zikishinda, jozi sita zinaleta 6,750. Tatu zikishinda, jozi zilizo hai ni tatu, si tano kama wengi walivyodhani kikaoni, kwa sababu timu iliyoanguka imeanguka na jozi zake tatu. Tunapata 3,375. Mbili zikishinda inabaki jozi moja, 1,125, na tumepoteza 1,875. Ikishinda moja tu au isishinde yoyote, 3,000 zote zimekwenda.

Kwa hiyo ile "hata moja ikianguka unalipwa" ni faida ya shilingi 375. Na kodi bado. Tangu Julai 2025 hukatwa asilimia 5 pesa zinapoingia kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine unapozitoa. Ili 3,000 zifike salama lazima tutume 3,150 na ushei. Tukitoa zile 3,375 tunapokea 3,206. Faida yote ni kama shilingi 50, kabla ya gharama za M-Pesa.

Odi zikishuka ni balaa. Mwenzetu hupenda timu anazoziita za uhakika, za 1.40. Jozi yake ni 1.96, hivyo tatu zikishinda kati ya nne tunapokea 2,940. Yaani tumebashiri vyema mechi tatu na bado tumepata hasara, hata kodi haijaguswa! Mpaka ni odi 1.42 hivi kwa kila timu. Na ukitaka timu mbili peke yake zitoshe kurudisha dau, kila moja iwe 2.45 au zaidi, na hizo si timu za uhakika tena.

Mechi ikiahirishwa, kwa kawaida chaguo hilo huhesabiwa odi 1.00 na jozi zake tatu hugeuka beti za timu mojamoja. Tuseme moja imeahirishwa, mbili zimeshinda, moja imeanguka: 1,125 na 750 na 750, jumla 2,625. Bado tuko chini ya 3,000.

Lakini lililotushinda kueleza kikaoni, na tunaloliona zito kuliko yote, ni fungu la kampuni ya kamari. Chukua mechi yenye odi 1.50 kwa wenyeji, 4.20 kwa sare na 6.50 kwa wageni. Gawa 100 kwa kila odi, upate nafasi ambayo odi hiyo inadai, kwa 100: 66.7, 23.8 na 15.4. Jumla ni 105.9, ilhali matokeo yote ya mechi hayawezi kuzidi 100. Hiyo 5.9 ndiyo fungu lao. Ukiiondoa, nafasi ya wenyeji ni 63 kwa 100 hivi, si 67. Tukiweka 3,000 kwa timu nne mojamoja, 750 kila timu, kwa wastani zinarudi 2,835. Tukizioanisha, fungu linatukata mara mbili, na zinarudi kama 2,680. Hasara ya 165 imekuwa 320 kwa wiki. Kwa mwaka ni zaidi ya 16,000, mbali na kodi. Tukimtendea haki mwenzetu, multibeti ya timu zote nne ni mbaya kupita hapo, inarudisha kama 2,390. Ila kwa nafasi hizo hizo, karibu Jumamosi 47 kati ya 100 tutapata timu mbili au pungufu, na hizo zote ni siku za hasara kubwa.

Neno mzunguko, ambalo ndilo tunaloitafsiria raundirobini, nalo limetuponza. Chamani, mzunguko maana yake zamu yako itafika na pesa zako utazipata. Tumewasikia wanachama wakiizungumzia beti hii kana kwamba nayo ina zamu.

Tunaomba ushauri wako kwa mambo matatu. Katiba yetu inaruhusu akiba "kuwekezwa" theluthi mbili wakikubali, na haisemi chochote kuhusu kamari. Je, sisi viongozi tukatae jambo hili kuingia kwenye kura, au tuliache lipigiwe kura baada ya kusoma hesabu hizi mbele ya wote?

La pili, tumefikiria kuwaambia wanaotaka wachange pesa zao kando, zisipite kwenye namba ya chama. Hofu yetu ni kwamba akaunti ya kamari itakuwa kwa jina na simu ya mtu mmoja. Siku jozi zote sita zikikubali, 6,750 zitakuwa zake kwa maandishi. Wakigombana, je, ugomvi hautarudi chamani?

Na la tatu ndilo gumu. Mwenzetu hana nia mbaya. Anaona akiba ya Desemba haitatosha karo za Januari, na hapo hajakosea. Tumwambieje hesabu yake haisimami, bila kumwaibisha mbele ya watu waliokwisha kumpigia makofi?

Mweka hazina na karani,
Umoja, Nairobi