Mmeshinda nini? Barua ya wazi kwa vijana wa chungwa, Magarini

Wanangu, hamjambo.

Usiku wa Novemba 27, 2025, siku ya uchaguzi mdogo wa ubunge hapa Magarini, nilikuwa nimeshajilaza, redio kando ya mto, mara honi za bodaboda zikapita Gongoni kama za arusi. Nikatoka na kikoi changu hadi barabarani. Mlikuwa mmejifunga vitambaa vya rangi ya chungwa, rangi ya chama chetu cha ODM, na mnaimba "tutam", ule wimbo wa kumtakia Rais Ruto muhula wa pili. Nikadhani masikio yamezeeka. Nikamsimamisha mmoja wenu niliyemfundisha hesabu darasa la sita, nikamuuliza: mmeshinda nini? Akanijibu, "Mwalimu, tumeshinda tu, hayo mengine baadaye." Akapiga gia, akaniachia vumbi.

Hilo "baadaye" ndilo lililoninyima usingizi, na ndilo lililoniletea kalamu.

Tuanze na hesabu, maana vyeo vyote nimestaafu ila hicho. Mwaka 2022 Harrison Kombe wa ODM alimpiku Stanley Kenga wa UDA, chama cha Ruto, kwa kura 21. Watu hao hawajazi hata matatu mbili. Kesi ikapanda kutoka Mahakama Kuu ya Malindi hadi Mahakama ya Upeo, na mwishowe uchaguzi ukafutwa. Safari hii Kombe kapata karibu kura 18,000, Kenga karibu 9,000. Mnaona chama kimenona. Lakini Kenga amekuja na DCP, chama cha Gachagua aliyekuwa naibu wa Ruto, na UDA haikuweka mtu, imetuachia kiwanja. Basi wale waliomchagua Kenga kwa sababu ya chama cha rais, safari hii wamekwenda wapi? Wengi wao wamekuja kwetu, na walikuja kwa amri ya nyumba yao, si kwa mapenzi ya chungwa. Mwaka 2027 nyumba yao ikiwaita, watarudi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kina mama mniwie radhi, methali si yangu.

Hebu tazameni na chaguzi ndogo za kwingine siku ile ile. Mbeere Kaskazini UDA imeponea kwa tofauti isiyofika kura 500. Malava imepita kwa zaidi ya elfu moja tu, serikali nzima ikiwa imehamia huko kupiga kampeni. Mwenye kushinda hivyo nyumbani kwa marafiki zake ana shida ya watu. Na watu wako wapi? Wako Magarini, Kasipul, Ugunja, kwa wenye chungwa. Kwa hiyo siku ile bei yenu ilikuwa imepanda sokoni kuliko siku yoyote tangu serikali jumuishi ya Ruto na Raila ianze, nanyi mkaigawa bure barabarani kwa wimbo wa mwenzenu.

Nina sababu ya kuuma meno. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1964 KADU ilipovunjwa. KADU haikuwa chama cha kuletewa sisi. Kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala, mtu wetu wa huku huku, na neno lake lilikuwa majimbo, kwamba Pwani ijiamulie mambo yake. Novemba ile wakubwa wakavuka upande wa KANU kwa jina la umoja wa taifa. Baba yangu alikuwa na kadi ya KADU aliyoihifadhi ndani ya mkebe wa kahawa pamoja na risiti za kodi. Hakuichana wala hakuichoma. Aliitoa, akaitazama, akairudisha, akafunga mkebe. Mama akamuuliza kama kuna msiba. Akasema, "Tumeambiwa tumeshinda." Ngala alipata uwaziri. Majimbo tukayangoja hadi katiba ya 2010 ilipotupa kaunti, miaka 46, na baba hakuyaona.

Mtasema hayo ni ya zamani, mwalimu. Haya, mwaka 2002. Baba Raila, kabla ya chungwa, alikuwa na chama cha NDP, kile cha alama ya tinga. Akaingia serikali ya Moi, akapewa uwaziri wa Kawi, na Machi 2002 chama kikamezwa na KANU kizima kizima. Alipewa na ukatibu mkuu. Haikupita miezi saba Moi akamtaja Uhuru kuwa mrithi, na Raila akatoka. Alitoka kwa kuwa alikuwa Raila. Mtu wa kiasi chake angepata mlango popote. Lakini NDP yenyewe haikutoka naye. Sasa Raila hayupo. Mkiingia tumboni mwa mtu mwaka 2027, nani atawatoa?

Najua kidonda bado kibichi. Tangu Raila afariki Oktoba 15, 2025, hata mimi nikisikia sauti yake redioni nanyamaza. Mwaka 2005, wakati wa kura ya maoni ya katiba, nilitembea kutoka Gongoni hadi Marereni nikiwaeleza wazee kwamba chungwa ni "la" na ndizi ni "ndiyo", na 2007 niliketi kituoni tangu alfajiri hadi Fomu 16A, ile ya matokeo ya kituo, ikatiwa sahihi. Kulieni, hakuna aibu. Ila kulia si mwelekeo wa chama.

Na hapa niseme la watu wazima pia. Oburu amechukua kiti cha ndugu yake Raila cha uongozi wa ODM, mwana amechukua kiti cha ubunge cha baba yake Kasipul. Sisemi hawafai; nasema hatukupata nafasi ya kujua. Lakini tuwalaumu vipi wa juu, na hapa kijijini kamati ya maji, kamati ya msikiti, kamati ya kanisa, hata timu ya kandanda, mwenye kiti akifa tunamtafuta mwanawe kabla udongo haujakauka? Tumewalea nyinyi kupiga makofi, kisha tunashangaa mnapiga makofi.

Ile hati ya ushirikiano ya Machi 7, 2025 waliyotia sahihi Ruto na Raila pale KICC, Nairobi, ina mambo kumi: ugatuzi, fidia kwa walioumizwa kwenye maandamano, ukaguzi wa deni la taifa, ajira za vijana, na mengine. Ni nani kati yenu anayeweza kunitajia matano? Nilimuuliza yule wa bodaboda siku ya pili, akataja la kwanza, na lilikuwa si lenyewe. Na katika kumi hayo, ardhi ya Pwani haina namba yake. Watu wanaishi uskwota kando ya mashamba ya chumvi, kwenye udongo waliozikwa babu zao, na chama chao kimeketi serikalini hakina hata mstari wa kuonyesha. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kuimba usiku ule.

Mengine nayasema kwa mkupuo. Jiandikisheni kupiga kura, msingoje siku za mwisho. Daini mchujo wa kweli, si tiketi ya mkononi. Wakala asitoke kituoni bila picha ya Fomu 35A, ile ya matokeo ya ubunge. Kura 21 zimetufundisha. Mkitaka kubaki serikalini, bakini, lakini kwa orodha. Mkitaka kutoka, tokeni mapema, si usiku wa kuamkia uteuzi. Na mtu akiwatuma kumpiga mwenzenu kwa ajili ya mkutano, mwambieni amtume mwanawe kwanza.

Jumamosi baada ya alasiri niko barazani, pale penye mwembe. Anayetaka aje na ile hati mkononi, tuisome jambo kwa jambo, na la kumi na moja tuliandike wenyewe. Kahawa nitalipa mimi. Yule wa bodaboda aje bila honi.