Barua kwa Zuhura: mwaka wa friza na dibeti

Iringa,
7 Desemba

Mpendwa Zuhura,

Za siku nyingi, shoga yangu? Najua umeninunia. Barua yako ya Machi naijibu leo, shule imefungwa jana, na sina utetezi zaidi ya kwamba Jumanne zangu zote zilikuwa za klabu ya sayansi na Ijumaa zote za dibeti. Jioni zilizobaki nilikuwa nafua.

Ulipohama tulikuwa bado tunabishania mradi. Nusu ya klabu ilitaka sabuni ya maji, kama kila mwaka, kwa sababu sabuni inauzika. Mwalimu wa fizikia akasema sabuni imetosha, akatusimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu kama sisi, Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Mpemba akaona nafasi inaisha, akayaingiza yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Akamuuliza mwalimu wake kwa nini, naye akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye yuko Mkwawa, hapa hapa kwetu, enzi hizo ikiwa sekondari, akaja Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar. Mpemba akamuuliza swali lile lile, na darasa zima likamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akamwagiza fundi wa maabara ajaribu, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja.

Kipande ninachokipenda ni cha huyo fundi. Alileta jibu kwamba kweli, ya moto yametangulia kuganda, halafu akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Nilikuwa sijui kwamba baada ya miezi sita mimi ndiye nitakuwa fundi yule, ila kwa upande wa pili: nilitaka ya moto yashinde, liwalo na liwe.

Friza ya kurudia jaribio la Mpemba tulipewa na mama anayeuza lambalamba nje ya geti, kwa sharti la kutogusa za ubuyu. Mara ya kwanza tuliweka vikombe viwili vya bati, mililita 70 kila kimoja, kimoja maji ya bomba, kingine yaliyotoka kuchemka. Ya moto yakashinda kwa dakika 11. Tulipiga vigelegele hadi wateja wakaja kuchungulia. Mara ya pili yakashinda ya baridi. Ya tatu, ya baridi tena. Ya nne umeme ukakatika, lambalamba zikaanza kulia, tukafukuzwa wiki mbili.

Profesa, yule mwenzetu wa klabu (bado tunamwita hivyo, na bado anaazima kalamu), ndiye aliyeinua kikombe cha moto akaona shimo. Unaijua ile theluji inayojijenga chini ya friza? Kikombe cha moto kilikuwa kimeiyeyusha, kikazama mpaka kwenye bati lenyewe, kikakaa pale kama yai kwenye kiota. Cha baridi kilibaki juu ya theluji. Yaani mmoja kalala kwenye bati tupu, mwenzake kwenye blanketi, halafu sisi tunashangaa nani kaganda kwanza. Tukakata kipande cha godoro, vikombe vyote tukaviweka juu yake. Godoro la nani, usiniulize. Matroni anauliza mpaka leo.

Dibeti za mwanzo wa mwaka nazipita, zilikuwa zile zile za mkulima na daktari. Lakini Julai, wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani, tuliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuzungumza Kiswahili jukwaani. Mada: Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Nikapangwa kupinga! Wewe unanijua, baiolojia ya kidato cha kwanza niliikariri kama dua, nilikuja kuielewa mwaka uliofuata. Lakini ukipangwa umepangwa. Nikasimama nikasema Mpemba alimuuliza Osborne kwa Kiingereza, makala yao ni ya Kiingereza, na kwamba angeuliza kwa Kiswahili swali lile lingefia Mkwawa. Ukumbi ukagonga meza. Nikaketi nikijiona waziri.

Akainuka mtoto wa kidato cha pili, sauti bado haijakatika. "Mheshimiwa mwenyekiti, wauza aiskrimu wa Tanga walishamwambia Mpemba kwamba wao wanatia ya moto ili yawahi kuganda. Hawakumngoja profesa. Walikuwa wanaambiana kwa lugha gani?"

Mtunza muda alipiga kengele mara tatu hakuna aliyesikia. Tulishindwa. Na unajua yule mtoto alizipata wapi habari za Tanga? Kwenye bango la klabu, ubao wa matangazo, mwandiko wangu mwenyewe.

Septemba mahafali ya kidato cha nne yakakaribia, na klabu lazima ionyeshe kitu kwa wazazi. Daftari lilikuwa na majaribio 14: ya baridi yameshinda mara 8, ya moto mara 5, umeme mara 1. Hapo ndipo nilipotaka kupika. Nikamwambia Profesa tufute manne ya baridi, tuseme themometa ilikuwa mbovu. Nilikuwa na hoja tatu zimejipanga, na dibeti ilishanifundisha kuzisema bila kupepesa macho. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na yale matano ya moto, themometa ilikuwa nzima?"

Sikuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu tukaenda kuzitazama hizo themometa. Tulikuwa tumezining'iniza kwa uzi wa kushonea, moja inagusa chini ya kikombe, nyingine inaelea juu. Mwalimu akatuletea makala ya 2016 ya Burridge na Linden, wa Uingereza: tofauti ya sentimita moja tu ya mahali ilipokaa themometa inaweza kukuonyesha ajabu ambayo haipo. Kwa hiyo kazi yetu ya miezi sita ilining'inia kwenye uzi, na siyo methali.

Tukaandika yote 14 kwenye bango, pamoja na umeme na uzi. Mgeni rasmi akasoma taratibu, akaniuliza, "Sasa binti, jibu ni lipi?" Nikamwambia, "Bado, mheshimiwa." Akasubiri niendelee. Mimi, msemaji mkuu wa Ijumaa, sikuwa na la kuongeza. Akahamia meza ya jirani akanunua chupa mbili za sabuni.

Mwalimu anasema mwakani tuombe nafasi Young Scientists Tanzania, yale maonyesho ya Dar. Ndiyo maana nakuandikia, nisikufiche. Mama bado ana ile friza ya barafu hapo Tanga? Mpe shikamoo yangu, kisha mwombe kona moja. Vikombe viwili vinavyofanana, mililita 70, chini weka godoro (la kwako), themometa zote sentimita mbili kutoka chini, zifunge kwa kijiti, siyo kwa uzi. Na ukipita kwa wauza aiskrimu wa hapo mjini, waulize kama bado wanatia ya moto. Andika watakalokujibu, hata kama ni matusi.

Wako akupendaye,
Rehema